Kijana Aliyeifunga na Kuifungua Dunia

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani wa siku nyingi, alinisimamisha njiani majuzi uso ukiwa umemkunjamana. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anangoja kuingia chuo kikuu, alikuwa amekesha usiku wa tatu mfululizo mbele ya kompyuta. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwamba anatengeneza seva ya mchezo, na kwamba akiimaliza ataigawa bure kwa yeyote atakayeitaka. Mzee alinitazama kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unayeandika magazetini, hebu niambie. Hiyo ni kazi, au ni upuuzi uliopewa jina la kizungu?"

Nilimwomba anipe muda. Swali kama hilo halijibiwi watu wakiwa wamesimama juani, na tena si lake peke yake. Wazazi wengi leo wanalo moyoni, ingawa wachache ndio wenye ujasiri wa kulitamka. Siku niliyokwenda kumwona kibandani kwake sikumpelekea hoja, nilimpelekea kisa cha mtu mmoja. Ndicho ninachokiandika hapa.

Mtu huyo ni Mwingereza aitwaye Alan Cox, aliyezaliwa Solihull mwaka 1968. Wanaojua habari za kompyuta wanamfahamu kama mmoja wa wajenzi wakubwa wa Linux, ule mfumo wa uendeshaji ambao kiini chake kimo katika sehemu kubwa ya mitambo inayobeba intaneti, na pia katika kila simu ya mkononi ya aina ya Android, zikiwemo hizi tunazonunua madukani Kariakoo. Wasilolikumbuka wengi ni kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanafunzi anayekesha akitengeneza mchezo.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji, juu ya neno seva. Mzee wangu yule ana daftari la vipimo. Ndani yake mna jina la kila mteja, upana wa mabega, urefu wa suruali, fedha iliyotangulizwa na iliyobaki. Akiwa peke yake kibandani, daftari halina shida. Lakini chukulia kwamba mafundi ni ishirini, daftari ni lilelile moja, na wote wanaandika kwa wakati mmoja. Huyu anasoma kwamba kitambaa cha bluu bado kipo. Kabla hajaandika kwamba amekichukua, mwenzake naye amesoma hivyohivyo. Jioni kitambaa kimoja kimeahidiwa wateja wawili. Seva ni programu inayolinda daftari la namna hiyo. Inapokea maombi ya watu wengi waliotawanyika mbali, inayapanga, inaamua nani ametangulia, na kumrudishia kila mmoja jibu moja lisilopingana na la mwenzake. Katika mchezo wa kompyuta wenye wachezaji wengi, daftari hilo ndilo dunia yenyewe: nani yuko chumba gani, upanga uko mkononi mwa nani, nani ameuawa na nani angali hai.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kupata sifa ulianza mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, mjini Colchester, Uingereza. Mwanafunzi Roy Trubshaw aliuanzisha, na mwaka 1980 akamwachia mwenzake Richard Bartle aliyeuendeleza. Waliuita MUD, kifupi cha maneno yenye maana ya shimo la wachezaji wengi. Herufi hizo zikisomwa pamoja kwa Kiingereza ni tope, jina ambalo halikuusaidia kupata heshima. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Kompyuta iliandika: uko kwenye njia nyembamba, mashariki kuna pango. Mchezaji naye aliandika kwa maneno ya kawaida kwamba anakwenda mashariki, anaokota taa, anampiga aliye mbele yake. Na huyo aliye mbele yake aweza kuwa mwanafunzi mwingine aliyeketi chumba cha pili. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa njia ya simu nyakati za usiku wa manane, mitambo ilipokuwa haina kazi nyingine, na gharama ya simu hizo ilileta maneno katika nyumba nyingi.

Alan Cox alikuwa mmoja wa wachezaji wa mchezo huo wa Essex. Alipoingia chuo kikuu cha Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, aliamua kutengeneza wake. Mwaka 1987, akisaidiana na wanafunzi wenzake wachache, alitoa AberMUD, jina lililotokana na mji ule. Waliuandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo B, juu ya mtambo mkubwa wa Honeywell uliokuwa mali ya chuo. Cox hakuwa ametimiza miaka ishirini.

Hapa naomba radhi kwa kuingia ndani kidogo ya ufundi, maana humu ndimo kisa chote kilimolala. AberMUD ya mwanzo haikuwa na mlinzi mmoja wa daftari. Kila mchezaji aliendesha nakala yake ya programu, na nakala zote zilisoma na kuandika katika faili moja iliyobeba hali ya dunia. Hatari yake umekwisha kuiona kwenye mfano wa mafundi ishirini. Dawa waliyoitumia ilikuwa nyepesi. Katika maandishi ya programu mna amri mbili, moja ya kufungua dunia na nyingine ya kuifunga. Nakala inayotaka kubadilisha jambo huifungua dunia na kuishikilia peke yake. Wengine wote wakati huo hungoja mlangoni. Ikisha kuandika, huifunga na kuiachilia, naye anayefuata huingia.

Mzee aliposikia hayo alicheka, akasema nao kibandani wamefanya hivyohivyo miaka yote: kalamu ni moja, asiye na kalamu haandiki.

Ndivyo ilivyo. Lakini kalamu moja ina gharama yake. Anayeishika akichelewa, wote wanachelewa. Akianguka nayo mkononi, yaani programu yake ikizimika katikati ya kazi, dunia inabaki imekwama na hakuna awezaye kusogea. Anayetengeneza seva hujifunza mambo haya kwa namna ambayo darasani haipatikani, kwa kuwa wanaomfundisha ni wachezaji wenye hasira. Wanajaribu kila mlango. Wanakata simu katikati ya mapigano ili wasife. Wanaokota kitu kimoja watu wawili kwa sekunde ileile, kwa makusudi, kuona kama kitaongezeka. Mwalimu hutoa mtihani mara moja kwa muhula. Wachezaji wanautoa kila usiku.

Mwishoni mwa mwaka 1988 Cox aliuandika mchezo upya kwa lugha ya C, ili uweze kwenda juu ya mfumo wa Unix. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitendo kilichoamua mambo. Mchezo wa Essex ulikuwa mzuri kuliko wake, nadhani hata yeye asingekataa, lakini ulifungwa na aina ya mtambo uliozaliwa juu yake. Baadaye ukachukuliwa na kampuni ya CompuServe ya Marekani, ukachezwa kwa malipo kuanzia 1987 hadi 1999. AberMUD ulikuwa mbovu hapa na pale, lakini uliweza kuhamia popote palipokuwa na Unix, na wakati ule Unix ilikuwa ikienea katika vyuo vikuu vya dunia. Tena maandishi yake yote yaligawiwa. Aliyeupata hakupata mchezo tu. Alipata na jinsi ulivyotengenezwa. Mwanzoni mwa 1989 nakala zilivuka bahari ya Atlantiki, na baada ya muda mfupi wanafunzi wa Marekani walikuwa wakiuendesha kwenye mitambo ya vyuo vyao, mara nyingi bila wakubwa kujua.

Waliousoma walijua cha kurekebisha. Mwaka huohuo wa 1989 Lars Pensjö wa Gothenburg, Sweden, aliyekuwa ameucheza, alitoa LPMud, ambamo wachezaji wenyewe waliruhusiwa kuongeza vyumba na viumbe mchezo ukiwa unaendelea. Wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, nao wachezaji wa AberMUD, walianza DikuMUD mwaka 1990 na kuitoa mwaka uliofuata. Hawa wa Copenhagen waliweka sharti kwamba asitokee mtu wa kujipatia faida kwa kazi yao. Mwaka 1999 ulipotoka mchezo wa picha wa EverQuest, uliolipiwa kila mwezi na watu wengi mno, wazee wa DikuMUD waliuona unafanana na wao kupita kiasi, na minong'ono ikaanza kwamba sharti limevunjwa. Mwaka 2000 watengenezaji wa EverQuest walitia sahihi tamko la kiapo kwamba hawakutumia maandishi ya DikuMUD, nao wenyewe wa Copenhagen wakaridhika. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba fikra zilihama. Fikra hazina kufuli, na wale vijana watano hawakupata ujira kwa hizo.

Nalisema hili makusudi, kwa sababu mzee aliniuliza na sikutaka kumdanganya. Wengi waliotengeneza seva za michezo na kuzigawa bure hawakulipwa hata senti. Cox mwenyewe alipata kazi kwa muda katika Adventure Soft, kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta nchini mwake, ambako injini iliyotokana na AberMUD ilitumika ndani ya michezo ya kuuzwa, ukiwemo Simon the Sorcerer wa mwaka 1993. Ulikuwa mkate, lakini haukuwa utajiri.

Kilichombadilishia maisha kilitokea Swansea, mji mwingine wa Wales, ambako alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1991. Mwaka huo huko Helsinki mwanafunzi mwingine, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo wa uendeshaji alichokiandika chumbani kwake, kikaitwa Linux. Cox alikisimika kwenye mtambo wa chama cha kompyuta cha wanafunzi wa Swansea. Mtandao wa chama kile ulikuwa na shughuli nyingi, na Linux ya siku zile, ambayo kwa wengine ilitumiwa na mtu mmoja mezani, haikuwa imezoea msongamano. Ilianguka mara kwa mara.

Mtu mwingine angeitoa na kutafuta mfumo mwingine. Cox alifungua maandishi yake akaanza kusoma. Makosa aliyoyakuta yalikuwa ya jamaa aliyowazoea tangu Aberystwyth: wawili wanagusa kitu kimoja kwa pamoja, mmoja anaondoka bila kuaga, kumbukumbu inashikiliwa na mtu aliyekwisha kufa. Alirekebisha, akatuma marekebisho, akatuma mengine, mwishowe akawa ameiandika upya sehemu kubwa ya kazi ya mtandao ndani ya Linux na kukabidhiwa usimamizi wake. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo, wala hakuna aliyemwomba.

Kisha ikaja kazi ambayo mimi, nisiye fundi, nilipoisoma niliweka karatasi chini na kutabasamu. Katikati ya miaka ya 1990 kompyuta zenye vichakato viwili vilivyofanya kazi sambamba zilianza kuwa za bei nafuu, na Linux ilikuwa haijui kutumia zaidi ya kimoja. Cox ndiye aliyeiwezesha. Katika toleo la 2.0 la mwaka 1996 aliweka kufuli moja kubwa juu ya kiini chote: kichakato kinachotaka kufanya kazi ndani ya kiini hushika kufuli, cha pili kinangoja, cha kwanza kikimaliza kinaachilia. Ni ileile kalamu moja ya kibandani. Ni kufungua dunia na kuifunga. Kwamba alikumbuka mchezo wake alipokuwa akiliandika, sidai. Nasema tu kwamba mkono ni uleule. Na gharama yake ilikuwa ileile: vichakato vilipoongezeka, foleni mlangoni ikawa ndefu. Mafundi waliofuata walitumia miaka mingi kulivunja kufuli lile kuwa makufuli madogo madogo, kila moja juu ya sanduku lake, hata kipande cha mwisho cha lile kubwa kikaondolewa mwaka 2011. Miaka kumi na mitano liliwahudumia watu, na bila hilo la haraka wasingekuwa na la kuboresha.

Kuanzia hapo mambo ya ajira yalikuja yenyewe. Kwa takriban miaka kumi, hadi mwanzoni mwa 2009, alilipwa na kampuni ya Red Hat ili aendelee na kazi ileile aliyokuwa akiifanya bila malipo, kisha akahamia Intel. Alisimamia toleo la 2.2 la kiini kwa miaka kadhaa, kazi isiyo na sifa, ya kuziba nyufa za nyumba ambayo wengine wote wameihama kwenda kujenga mpya. Mwaka 2003 chama cha Free Software Foundation kilimpa tuzo yake ya kuendeleza programu huria. Mwaka 2005 alirudi Swansea na kupata shahada ya uzamili katika uongozi wa biashara. Alijifunza pia Kiwelisi, lugha ya watu aliokaa kwao, akawa anaandika shajara yake kwa lugha hiyo.

Jambo hilo la lugha si dogo. Programu ambayo maandishi yake yako wazi yaweza kufundishwa lugha yoyote ambayo wenyewe wana ari nayo, bila kungoja mwenye kampuni aone kama soko lipo. Ndiyo njia iliyotumiwa hapa kwetu mwaka 2004, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Maisha ya kazi ya Cox hayakuwa asali tupu. Mwaka 2001 mtaalamu mmoja kutoka Urusi, Dmitry Sklyarov, alikamatwa Marekani alikokwenda kuhutubia mkutano, kwa sababu ya programu aliyoshiriki kuiandika. Cox alijiuzulu katika kamati ya mkutano mwingine wa huko, akawaonya wenzake wasisafiri kwenda nchi ile. Wako waliomwona anatia chumvi. Mimi naona mtu aliyezoea kuandika hadharani ana haki ya kuuliza kama hadharani bado ni mahali salama. Mwaka 2009 alibishana na Torvalds mbele za watu wote juu ya sehemu ya kiini inayoshughulikia viwambo na kibodi za watumiaji, sehemu ya kale iliyojaa viraka, ambayo yeye alikuwa amejitolea kuisafisha. Maneno yalipozidi aliuweka mzigo chini na kusema aitafutiwe mtu mwingine. Hakuondoka kwenye Linux. Aliondoka kwenye ugomvi.

Alikuja kuondoka kweli mwezi Januari 2013, Linux na Intel kwa pamoja. Alieleza kwamba ni kwa ajili ya familia, na akasisitiza kuwa hiyo si lugha ya adabu ya kuficha magomvi ya kazini. Zaidi ya hapo hatuna haja ya kuchungulia. Kwa mtu ambaye karibu miaka ishirini kila siku ilimletea lundo la barua za watu wasiomjua, wenye hitilafu wanazotaka ziondoke leo, kusimama na kusema sasa ni zamu ya nyumbani ni jambo ambalo sijui ni wangapi wetu tungeliweza.

Mwaka 2014 alitokeza tena na kitu kiitwacho Fuzix, mfumo wa uendeshaji aliouandika kwa ajili ya kompyuta ndogo za kale zenye kichakato cha Z80, aina iliyokuwa vyumbani mwa vijana wa Uingereza alipokuwa mtoto. Kumbukumbu ya mitambo hiyo ni ndogo mno hata picha moja ya simu yako isingeenea humo. Hauna soko. Maandishi yake yako wazi kwa anayeyataka, na pamoja na vifaa vya kazi mle ndani amepachika michezo kadhaa ya zamani ya maneno matupu, ile ya kwenda mashariki na kuokota taa.

Nilipofika hapo mzee alikuwa amemaliza kupinda suruali aliyokuwa akiishona. Aliikunja, akaiweka juu ya nyingine, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba huyo Bwana Cox amemwelewa, na kijana atamwacha aendelee, ila amenijia na kisa chenye pengo. Katika maelezo yote yale sikusema hata mara moja umeme wa kukesha ulilipwa na nani.